Mwili Hauwekwi Rahani

Mjomba alifariki Jumanne saa kumi alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi karani wa hospitali alikuwa ametuandikia jumla kwenye karatasi: shilingi 386,400. Alikuwa kijana mpole, tena wa rika langu. Alitupa pole kwanza, halafu akasema mwili hautatoka mpaka bili ilipwe. Mamangu, ambaye ni dada mkubwa wa marehemu, akamuuliza, "Sasa mwanangu, nyinyi mtamfanyia nini?" Karani akaangalia kompyuta yake. Nadhani swali hilo halikuwa kwenye mafunzo yao.

Walikaa naye siku 19. Mochari ilikuwa 1,000 kwa siku, kwa hivyo kila siku tuliyochelewa kupata pesa, deni liliongezeka, kana kwamba mjomba alikuwa bado anatibiwa. Kundi la WhatsApp likafunguliwa, mweka hazina akachaguliwa, majina yakaanza kuorodheshwa na kiasi mbele yake. Kama umewahi kuwa kwenye kundi la namna hiyo unajua jinsi watu wanavyotoka kimyakimya usiku. Hadi tunaruhusiwa kumchukua bili ilikuwa imefika 405,400, nasi tulikuwa tumechanga 240,000. Ndani ya hizo 240,000 kulikuwa na 32,000 zangu, karo ya mwaka wa tatu, na nusu yake alikuwa amenitumia mjomba mwenyewe, elfu mbili leo, elfu moja wiki ijayo. Zilizobaki, 165,400, mama aliweka sahihi kwamba atalipa 6,000 kila mwezi. Muhula huo sikurudi kampasi. Muhula uliofuata pia sikurudi. Baada ya hapo watu wakaacha kuniuliza.

Silalamiki. Haya, nalalamika kidogo. Lakini nilikuwa nasoma uhasibu, na kuna swali la kihasibu lililobaki likinikereketa kwa miezi mingi: lile deni lilikuwa la nani? Aliyetibiwa ni mjomba. Mjomba alikuwa na mali yake, hata kama ni ndogo, pikipiki moja na ng'ombe wawili. Hakuna aliyetuuliza habari za pikipiki. Hawakuhitaji pikipiki wakati wana mwili.

Basi usiku, nikimaliza kuwaandikia watu makala zao za kulipwa kwa neno, nikaanza kusoma. Maamuzi ya mahakama zetu yako wazi mtandaoni bila malipo, na vitabu vya kale vya Wagiriki na Warumi pia. Nilitaka kujua ni nani wa kwanza kufikiria kwamba maiti inaweza kushikwa kama simu iliyoachwa kwa mkopeshaji. Kumbe wazo lenyewe ni la zamani sana. Na marufuku yake ni ya zamani karibu vilevile.

Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia habari za mfalme mmoja wa Misri aitwaye Asychis. Nchi ilikuwa imekaukiwa na pesa, watu hawakopeshani. Mfalme akatunga sheria kwamba mtu anaweza kukopa kwa kuweka rahani mwili wa baba yake. Aliyeshindwa kulipa hakuruhusiwa yeye mwenyewe kuzikwa kaburini kwa baba zake, wala kumzika huko mtu wake yeyote. Herodotus alipenda hadithi tamu kuliko ushahidi, hilo linajulikana, lakini si yeye pekee. Diodorus wa Sicily, karne ya kwanza kabla ya Kristo, anaitaja desturi hiyo hiyo. Lucian, aliyeishi karne ya 2 baada ya Kristo, anaitaja kwa dhihaka: Mmisri akiishiwa anapeleka baba au kaka aliyekaushwa.

Kitu kimoja lakini. Katika simulizi hilo anayeiweka maiti rahani ni mwana, kwa hiari yake, ili apate mkopo wake mwenyewe. Ni kama kuweka hatimiliki ya shamba. Kinachotupata sisi ni tofauti. Mjomba hakuwekwa rahani na mtu. Aliingia hospitalini akiwa hai, akahema kwa oksijeni siku 11, na alipokoma kuhema akageuka dhamana.

Hiyo ya pili nayo ina historia yake, na shahidi wake mzuri ni Ambrose, askofu wa Milan katika miaka ya mwisho ya karne ya 4. Kuna maandishi yake dhidi ya wakopeshaji wa riba ambamo anasema amejionea mara nyingi wadai wakishika maiti na kuzuia mazishi mpaka walipwe. Kisha anawageuzia maneno kwa hasira ya mtu aliyekuwa pale: haya basi, mchukue mdeni wako, mpeleke nyumbani, mfungie chumbani kwako asije akatoroka. Hata jela, anawakumbusha, humwachilia aliyekufa. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu saa nane usiku, halafu nikaacha kucheka.

Baadaye serikali yenyewe iliingilia. Mwaka 537 Justinian, mfalme wa Warumi huko Constantinople, alitoa amri dhidi ya wadai wanaovamia nyumba ya mtu anayekata roho au kuvuruga mazishi yake. Adhabu ilikuwa kali kuliko unavyodhani. Mdai aliyefanya hivyo alipoteza deni lake lote, na juu yake akawalipa warithi kiasi hicho hicho alichokuwa akidai. Miaka 5 baadaye, 542, akaongeza amri nyingine: kwa siku 9 baada ya kifo, hakuna kuwashtaki wala kuwasumbua warithi, wazazi, watoto au mjane wa marehemu kwa ajili ya deni. Siku 9. Siku ya 9 sisi tulikuwa tumefikisha 71,000 kwenye kundi, na mtu wa hospitali alikuwa amempigia mama simu mara tatu kumkumbusha kwamba mochari inahesabu.

Nilidhani mambo ya Warumi hayatuhusu. Ya Waingereza yanatuhusu, tupende tusipende. Kwao kulikuwa na imani kubwa miongoni mwa watu wa kawaida kwamba mdai anaweza "kukamata" maiti njiani kuelekea makaburini. Katika karne ya 17 kulikuwa na kesi ya mama mmoja aliyeogopa kwamba mwili wa mwanawe ungekamatwa kwa sababu ya deni. Akamwahidi mdai kwamba akimwacha mwanawe azikwe, yeye atalipa. Hakuwa msimamizi wa mali ya mwanawe. Hakurithi kitu. Alikuwa mama tu. Mahakama ikasema ahadi ni ahadi, alipe.

Nilisimama hapo kwa muda. Nikatafuta picha ya karatasi ya mama kwenye simu yangu, ile yenye sahihi yake iliyopinda, nikaisoma tena.

Lakini mwaka 1804 kesi nyingine ya deni la marehemu ilifika London mbele ya Lord Ellenborough, jaji mkuu, naye akaigeukia ile kesi ya mama. Akasema kukamata maiti kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria na kinyume cha utu, na kwa hivyo ahadi iliyopatikana kwa kitisho hicho haiwezi kuwa na nguvu. Yaani yule mama hakupaswa kulipa, karne na zaidi baada ya kulipa. Mwaka 1841 mahakama ya huko ikalazimika kurudia somo: mlinzi wa jela alikuwa amekataa kuwapa wasimamizi wa mirathi mwili wa mfungwa wa deni mpaka wamlipe madai yake. Akaamriwa autoe.

Sasa, sheria inayopanga kazi ya mahakama zetu hapa Kenya inataja tarehe moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua: 12 Agosti 1897. Ni kupitia tarehe hiyo tulirithi kanuni za majaji wa Kiingereza, kwa kadiri zinavyofaa mazingira yetu. Waingereza walituletea mengi ambayo hatukuyaomba, kodi ya vibanda, kipande, lugha ya kuandikia barua za kuomba kazi. Lakini katika mzigo huo huo kulikuwa na neno la Ellenborough, lililokuwa tayari na miaka 93.

Na halikukaa bure. Mwaka 1998 familia moja ilikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa baada ya hospitali ya binafsi kukataa kuwapa mwili kwa sababu ya bili. Jaji aliamua kwamba maiti si mali. Kwa kuwa si mali, haina mwenyewe wa kuiuza, na kisichoweza kuuzwa hakiwezi kushikwa kama dhamana ya deni. Mwili ukaamriwa utolewe. Mwaka 2016, Nairobi, mambo yakawa hayo hayo: hospitali, bili ya mamilioni, na amri ya mahakama kwamba familia ipewe mtu wao. Isitoshe Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 137, inasema kuzuia mazishi ya mtu bila idhini ya sheria ni kosa la jinai. Kosa la jinai, wasee. Mjomba alipofariki uamuzi wa Mombasa ulikuwa umeshatimiza zaidi ya miaka 20.

Ukiniuliza kwa nini basi bado inafanyika, jibu langu ni fupi: kwa sababu inafanya kazi. Kwenda Mahakama Kuu kunahitaji wakili, wakili anahitaji pesa, na pesa ndiyo iliyotufikisha hapo. Familia nyingi zinafanya hesabu na kuona kuchanga ni rahisi kuliko kushtaki. Hospitali nayo inajua hesabu hiyo. Nisiwe mwongo, nayo ina madai ya haki. Ule oksijeni haukutoka hewani, wauguzi waliokesha na mjomba wana kodi za nyumba. Sijawahi kusema wasilipwe. Ninachouliza ni mlango gani wanaupitia kuja kudai.

Maana milango mingine ipo, na tunaijua.

Nilipohamia Mombasa kwa miezi kadhaa kutafuta kazi, babake rafiki yangu alifariki, nikaenda nao msikitini. Kabla ya sala ya jeneza mtoto wa marehemu alisimama mbele ya watu, akasema kama kuna mtu yeyote anamdai mzee wetu, aje kwetu, sisi tupo. Sentensi mbili, halafu safu zikapangwa. Mzee mmoja alinieleza baadaye barazani, huku akinimiminia kahawa, kwamba Mtume aliletewa jeneza akauliza kama marehemu ana deni. Alipoambiwa analo na hakuacha cha kulipia, akawaambia wenzake wamsalie wao. Ndipo sahaba mmoja, Abu Qatada, akasema deni ni juu yangu, na Mtume akasali. Baadaye mali ilipopatikana, Mtume mwenyewe akawa anachukua madeni ya waliokufa bila kitu. Na katika sura ya An-Nisaa, zile aya za 11 na 12 zinazogawa urithi zinarudia tena na tena kwamba mgao huja baada ya wasia na deni. Deni ni zito kiasi hicho. Ila yule mzee alikuwa ameshazikwa adhuhuri, saa chache tu tangu kufa, na wadai wake walikuwa bado hawajafika.

Kwetu Bungoma tuna namna yetu pia. Tulimzika mjomba Jumamosi, na siku ya tatu ikawa kunyoa. Watu wa ukoo wananyolewa nywele, halafu wanakaa, na mambo ya marehemu yanafunguliwa mbele ya wote: nani atasimamia boma, nani anadaiwa, nani anadai. Mimi nilipewa daftari la shule niandike, kwa kuwa ndiye msomi. (Tayari nilikuwa najua kwamba sirudi, lakini haikuwa siku ya kusema.)

Mama wa duka ndiye aliyesimama kwanza. Unga, sukari na mafuta ya taa, 2,350, na daftari lake mwenyewe analo mkononi. Hakuna aliyebisha. Akafuata fundi wa pikipiki, 1,800, akamtaja kijana aliyekuwepo siku mjomba alipochukua tairi, kijana akaitikia ni kweli. Kisha mwanamume mmoja, sitamtaja, akasema alimpa mjomba mtamba amtunzie, miaka 4 iliyopita, na sasa anamtaka. Mzee aliyeongoza kikao akamuuliza shahidi ni nani. Hakuwa naye. Akaulizwa kwa nini hakudai mjomba akiwa mzima. Akaanza maelezo marefu. Mzee akamkata: "Ulingoja afunge mdomo ndio ufungue wako?" Watu wakacheka, kicheko cha kwanza katika boma lile tangu Jumanne ile. Mtamba hakuandikwa.

Na kabla hatujafunga, jirani mmoja mkimya akainua mkono, nikajiandaa kuandika deni lingine. Akasema, "Mimi sidai. Mimi ndiye ninadaiwa. Alinikopesha 5,000 za karo ya mtoto, mwezi wa pili." Hakuna mtu pale aliyejua. Angeweza kunyamaza na pesa zikazikwa. Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo wanavyosema Waswahili, na siku hiyo niliona mtu akilipa matangani kwa maana halisi ya maneno.

Kikao chote kilichukua kama saa moja na nusu. Pikipiki iliuzwa wiki iliyofuata, mama wa duka na fundi wakalipwa, zilizobaki zikaenda kwa watoto. Nimefikiria mara nyingi: hospitali ingeweza kuja kukaa pale. Ingetuma hata yule karani mpole, na karatasi yake, asimame na aseme. Angepewa kiti na chai. Mzee angemuuliza shahidi, naye angeonyesha faili. Pengine asingepata zote. Angepata kilichopo, na asingepata kisichokuwepo, kama mdai mwingine yeyote.

Na ndivyo sheria ya nchi inavyosema pia. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1 Julai 1981, inampa msimamizi wa mirathi kazi zake katika kifungu cha 83: alipe gharama za mazishi kutoka kwenye mali ya marehemu, akusanye kilicho chake, ajue madeni yake na ayalipe. Kifungu cha 86 kinasema madeni hulipwa kabla ya mtu kupewa alichoachiwa kwa wasia. Kama familia imekaa tu na haitaki kusimamia, kifungu cha 66 kinapanga foleni ya wanaoweza kuomba kazi hiyo: mume au mke, kisha warithi wengine, kisha Mdhamini wa Umma, na wa nne ni wadai wenyewe. Mdai ana kiti chake. Anaweza kwenda kortini akaomba asimamie mali ya mtu aliyekufa na deni lake. Lakini kinacholipa ni mali ya marehemu. Dada yake si mali yake. Karo ya mpwa wake si mali yake, hata kama nusu aliitoa yeye.

Nilivyomaliza kusoma haya yote nilimpigia mama. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu. Nikamweleza habari za yule mama wa karne ya 17, Ellenborough, Mombasa 1998, kifungu hiki na kile, nikamwambia ile karatasi aliyoisaini mbele ya mlango wa mochari inaweza kupingwa, na kwamba nimepata kliniki ya sheria inayosaidia watu bure.

Akasikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Na huyo jaji wa 1804, siku ile alikuwa wapi?"

Nikamwambia sheria haifanyi kazi hivyo.

"Najua. Mimi pia sikufanya hivyo kwa sababu ya sheria. Nilitaka ndugu yangu atoke kwenye baridi." Kisha, baada ya kunyamaza kidogo: "Na sahihi ni yangu. Nikiacha sasa watasema alizikwa bure."

Sikuwa na kifungu cha kujibu hilo. Nilitaka kumwambia kwamba wanategemea moyo kama wake, kwamba ndio maana hawakushika pikipiki. Nikaona haya kumwambia mtu mzima kitu ambacho anakijua kuliko mimi.

Amelipa miezi 24 bila kuruka, kila tarehe 5, kutoka kwenye pesa za maziwa. Akaniuliza, kwa kuwa nilisoma hesabu, bado kiasi gani. Nikatoa: 21,400. Miezi minne, mama, na mwezi wa mwisho ni 3,400 tu.

"Iandike," akasema. "Lile daftari la kunyoa bado unalo?"

Ninalo. Nimeiandika chini ya fundi wa pikipiki, kwa kalamu ile ile ya buluu, na mbele yake nimeacha nafasi ya tarehe.